Siti Namba Kumi na Nne

Wiki nzima muhuri umekaa hewani.

Wewe msomaji umekula, umelala, umegombana na jirani na mkapatana, na muda wote huo afisa wa dirisha la tatu kaushikilia muhuri juu ya pasipoti ya Bi Mkunga, haushushi wala haurudishi mezani. Usimwonee huruma. Mkono ule una miaka kumi na minane ya utumishi, umeshazoea kukaa bila kufanya kitu.

"Mama," afisa akasema hatimaye, "tiketi yako hii ya kurudi. Siti namba ngapi?"

"Kumi na nne. Si imeandikwa hapo?"

"Imeandikwa. Sasa yule bwana mwenye koti, pale benchini, siti yake kumi na nne. Mama wa magodoro kabla yake, kumi na nne. Basi moja, tarehe moja, siti moja. Mtapakatana?"

Foleni nzima ikaanza kuchunguza dari. Abiria ishirini na wawili, kila mmoja na tiketi mkononi, na hakuna aliyethubutu kuangalia namba yake. Walikuwa wanaijua.

"Mimi siwasemei wengine," Bi Mkunga akasema. "Mimi ndiye nimekaa kumi na nne ya kweli. Nenda kwenye basi ukaangalie, mkoba wangu wa kazi uko juu ya kiti."

"Subiri," afisa akasema.

Hilo ndilo neno lake. Analisema mara nyingi kiasi kwamba foleni imemwita Subiri, na tangu hapo jina lake halisi limebaki kwa mkewe na kwenye karatasi ya mshahara.

Kama gazeti la wiki iliyopita ulilifungia sabuni, basi jua hivi. Bi Mkunga ni mkunga mstaafu, miaka thelathini na mmoja wodini. Binti yake wa pekee yuko ng'ambo ya mpaka, mimba imetimia, mume yuko machimboni mwezi wa tatu sasa. Juzi binti kapiga simu, "Mama, mgongo unaniuma, naogopa." Tangu jana jioni simu haipatikani. Basi linaondoka hapa mpakani saa sita kamili, na lingine ni Alhamisi. Leo ni Jumatatu, saa tano na dakika tano.

Na nchi ile ya ng'ambo haikuruhusu kuingia mpaka uthibitishe kwamba utatoka. Hujakanyaga hata ukoka wao, wameshaanza kukuuliza unaondoka lini. Ndipo konda wa basi, mtu wa meno mengi aitwaye Hakuna-Shida, alipowagawia abiria tiketi za kurudi kwa bei ya soda. "Mnaonyesha tu dirishani," aliwaambia, "hakuna shida." Halafu akawashusha wavuke kwa miguu, mizigo ibaki ndani ya basi, akalipitisha basi tupu geti la magari, likawasubiri upande wa pili na injini ikinguruma.

Shida sasa ilikuwepo, na ilikuwa na muhuri mkononi.

"Tiketi hii ni feki," Subiri akasema. "Nenda kanunue ya kweli."

"Wanauza wapi?"

Subiri akaelekeza kalamu nje. Hatua mia moja mbele ya geti palikuwa na kibanda cha bluu, na juu yake maandishi makubwa: TIKETI.

"Nakiona," Bi Mkunga akasema. "Naomba nipite nikanunue."

"Huwezi kupita bila tiketi."

"Tiketi ziko pale."

"Ndiyo."

"Na mimi niko hapa."

"Ndiyo, mama."

"Sasa nitaipataje?"

"Watu wenye mpango hununua kabla ya safari."

"Kule kwetu haziuzwi."

"Hilo ni la kwenu," Subiri akasema, akafurahi kama mtu aliyeshinda kesi.

Bi Mkunga akautazama mlango alioingilia. Kurudi kwao hakuwezekani, wameshamgongea muhuri wa kutoka na watataka fomu yao ya kuingia. Mama mzima wa miaka sitini na mbili, viatu safi, nywele zimesukwa, na hayumo katika nchi yoyote duniani.

Sasa nikupangie jengo hili, utanishukuru baadaye. Kumbi ni mbili. Ukumbi huu ni wa wanaoingia, ule wa upande wa pili ni wa wanaotoka, na katikati pana chumba kimoja cha maafisa waliokaa wakipeana migongo. Vioo vya madirisha vimebandikwa matangazo hadi sura ya mtu huioni: USISOGEE. USIPIGE SIMU. USIEGEMEE KIOO. Imebaki nafasi ya chini tu, ya kupitishia pasipoti. Ukiinama pale kuongea na Subiri, ukatazama nyuma ya bega lake, unawaona wanaotoka kuanzia kifua mpaka kiuno, basi.

Bi Mkunga aliona tumbo.

Lilikuwa ndani ya gauni la kijani lenye vidoti, peke yake dirisha la nne. Upande wa ndani wa dirisha hilo kiti kilikuwa kitupu na koti la afisa limetundikwa mgongoni mwake. Koti lilikuwa kazini, mwenyewe alikuwa kwenye chai.

Tumbo limeshuka, Bi Mkunga akajisemea. Huyu si wa kusafiri.

Mikono miwili ikashika ukingo wa meza, vidole vikakakamaa. Bila hata kufikiri, Bi Mkunga akatoa daftari lake dogo, akatazama saa, akaandika: *Saa tano na dakika nane.*

"Mama, unaandika nini?" Subiri akauliza kwa wasiwasi. Watu wa ofisi hawapendi mwingine aandike.

"Kilichotokea. Mwanangu, huyo mama aliye nyuma yako ana uchungu."

Subiri hakugeuka. "Huyo anatoka. Akishafika dirisha lile, si wetu tena. Na wewe unaingia, si wetu bado. Tuongelee fomu yako."

Akaifungua kwa ncha za vidole.

"Kusudi la safari. Pameandikwa utalii, biashara, masomo, kupita. Wewe umekata yote, umeandika 'kumzalisha binti yangu'."

"Ndiyo."

"Hiyo ni kazi. Kazi ina kibali chake."

"Nimestaafu, mwanangu."

"Mstaafu anafanyaje kazi?"

"Ni binti yangu! Nimemzaa mimi!"

"Atakulipa?"

"Alishanilipa," Bi Mkunga akasema. "Kanitapikia begani mwaka mzima."

Benchi likacheka. Mwenye Koti alicheka zaidi ya wote, mpaka Subiri alipomkazia macho, akageuza kicheko kuwa kikohozi.

"Na hapa," Subiri akaendelea, kalamu ikigonga karatasi, "tarehe ya kuondoka. Umeacha wazi."

"Sijui naondoka lini."

"Mtoto anazaliwa lini?"

"Akizaliwa nitakwambia."

"Mama, hii ni fomu. Fomu haiachwi wazi."

"Na mimi siandiki jambo kabla halijatokea."

Usidhani ni ubishi wa uzeeni. Wodini kwao ndiyo ilikuwa sheria ya kwanza. Mtoto akizaliwa saa tisa na dakika nne, unaandika saa tisa na dakika nne, hata kama saa nane ulikuwa na uhakika. Muuguzi aliyejaza karatasi mapema ili awahi kwenda nyumbani, Bi Mkunga alimrudisha kutoka getini, akamsimamisha mbele ya wenzake aifute. Aliogopwa kwa hilo.

Ila lipo lingine, na hili hakumwambia Subiri.

Miaka miwili iliyopita alipita hapa hapa, binti yake akiwa na mimba ya kwanza. Walimlaza benchini usiku kucha kwa sababu ya hiyo hiyo tiketi ya kurudi. Asubuhi, kwa kuchoka, akajaza tarehe waliyoitaka: wiki sita mbele, wiki za kumlea mjukuu. Alipofika, alikuta kila kitu kimekwisha. Mtoto alikuja ametanguliza miguu, na waliokuwepo hawakujua la kufanya. Bi Mkunga angejua. Waliotanguliza miguu alishawapokea zaidi ya arobaini kwa mikono hii hii.

Aliondoka siku ya tatu. Na kwenye fomu yao mpaka leo anasomeka kwamba alikaa wiki sita.

Ndiyo maana hakuandika. Aliumia, akaapa, na kiapo chake kikaishia kwenye nafasi moja ya fomu ambayo kila mtu mwingine anaijaza huku akipiga miayo.

Nyuma ya Subiri mikono ya gauni la kijani ikashika tena meza. Bi Mkunga akatazama saa. *Saa tano na dakika kumi na tano. Saba zimepita.*

"Mwanangu, mtafutie kiti yule mama."

"Subiri."

Hapo Hakuna-Shida akaingia akikimbia, shati nje, tabasamu mbele.

"Mkubwa, mkubwa wangu! Hawa ni watu wangu wote, hakuna shida!"

"Hakuna shida?" Subiri akanyanyuka nusu, sauti akaishusha, ila mtu mwenye hasira hushusha sauti kwa maneno mawili tu, la tatu linampanda. "Ishirini na mbili? Unatoa *fotokopi?*"

"Mkubwa, tuongelee nje..."

"Nani kakuruhusu kutoa fotokopi?"

Tabasamu la konda likapungua jino moja moja. Akarudi kinyumenyume mpaka mlangoni, na alipoufikia akasema kwa wote, "Basi linaondoka saa sita, asiyepita tusilaumiane," akatoweka.

Wengine waliona konda anakaripiwa. Bi Mkunga alisikia neno. Huyu bwana hakukasirika kwamba tiketi ni feki. Kakasirika kwamba ni nyingi.

Akaichukua tiketi yake mezani, akaisogeza kwenye mwanga. Karatasi mpya, wino mpya, na pembeni duara la rangi ya kahawia, duara la kitako cha kikombe. Halikufunga, lilikuwa na pengo upande mmoja, mahali kikombe kilipomeguka.

Akamgeukia Mwenye Koti. "Baba, hebu yako." Duara. Pengo. Ya mama wa magodoro, duara, pengo. Fotokopi ya rangi haina adabu, inanakili na chai.

Kisha Bi Mkunga akainama dirishani, akaangalia meza ya Subiri. Kilikuwepo kikombe cheupe cha udongo, kimejaa nusu.

"Mwanangu," akasema kwa upole ule wa wodini unaowatisha hata madaktari, "nipe hicho kikombe."

"Cha nini?"

"Nipe tu."

Sijui kwa nini Subiri alimpa. Nadhani alimkumbuka mama yake. Bi Mkunga akakiweka kikombe juu ya tiketi, akakizungusha taratibu mpaka pengo likakutana na pengo. Kikaenea duara lile bila kuzidi hata unywele.

Foleni ikasogea kuchungulia. Hata mtoto mmoja aliyekuwa analia aliacha, akachungulia.

Nakufafanulia, msomaji, ingawa najua umeshaelewa, maana wewe si afisa. Mwanzo tiketi ilikuwa moja tu, ya kweli, siti kumi na nne. Abiria akiionyesha, Subiri anaibakiza mezani "kwa ajili ya faili". Faili lilikuwa mfuko wa shati la Hakuna-Shida. Inazunguka, inarudi, inaonyeshwa tena, na kila ikirudi inapumzika chini ya kikombe. Halafu konda akaona uvivu wa kwenda na kurudi, akapitia duka la fotokopi.

Bi Mkunga akafungua daftari, akaandika huku akisoma kwa sauti: "Saa tano na dakika ishirini. Kikombe cha dirisha la tatu kimewekwa juu ya tiketi. Kimeenea."

Subiri akakinyakua kikombe chake. "Mama, futa hiyo."

"Imeshatokea."

"Mama, Mkuu wa kituo yuko pale juu. Usiniharibie. Nina watoto."

"Nami nina mmoja tu! Na mara ya kwanza mlinichelewesha nikaenda kuzika!" Sauti ikampasuka, na hakujali nani anamwona. "Nipishe nikamshike mwanangu!"

Subiri akamsukumia fomu. Kwa mara ya kwanza tangu wiki iliyopita, akafanya haraka.

"Andika tarehe thelathini. Ilingane na tiketi, nigonge, upite. Siwezi kugonga fomu yenye nafasi wazi, kompyuta haikubali. Wallahi si mimi, ni kompyuta."

Bi Mkunga akaitazama ile nafasi. Nyuma ya bega la Subiri mikono ikashika meza tena, na safari hii tumbo lenyewe likashuka chini ya ukingo, likarudi taratibu. *Saa tano na dakika ishirini na moja. Sita zimepita.*

Kama huyu wa watu yuko hivi, akafikiri, je wangu?

Akaandika thelathini. Aliiandika vibaya, muuguzi wake yeyote angeambiwa arudie. Aliona kama anamsaliti mjukuu kabla hajamwona.

Muhuri ukashuka. Gubu!

Na palepale, nyuma, muhuri mwingine ukajibu. Gubu! Afisa wa dirisha la nne, mwenye lile koti la kitini, alikuwa amerudi kutoka kwenye chai, na bila kukaa wala kuangalia, kagonga.

"Haya, umeshatoka," akasema. "Mlango ule, unapita darajani. Nenda salama."

Tumbo la kijani halikwenda popote. Mkono mmoja ukaingia kwenye nafasi ya pasipoti, kiganja juu, na upande wa ndani likaonekana kovu refu la pasi kutoka kidole gumba mpaka kiwiko. Kovu la mtoto wa miaka sita aliyetaka kunyoosha gauni la mama yake la kazi ili amfurahishe.

"Kaka," sauti ikasema kwa shida, "naomba simu, yangu imezimika. Nampigia mama yangu aje anipokee daraja la huko. Nimeona nimfuate mwenyewe, asichelewe kama... kama ile mara."

Pasipoti ikamtoka Bi Mkunga mkononi.

Mama ameshaingia. Binti ameshatoka. Dakika moja nzima, nchi ile ilifanya kazi kwa ufanisi ambao haijawahi kuufikia tangu ipate bendera, na matokeo yake ni hayo.

"Mwanangu!"

"Mama? Mama, uko wapi?"

"Usitembee! Usiende darajani! Kaa hapo hapo!"

Mwisho wa kaunta palikuwa na mlango mdogo ulioandikwa HAIRUHUSIWI. Bi Mkunga akaufungua.

"Mama, huko huruhusiwi!" Subiri akapiga kelele.

"Subiri," Bi Mkunga akamwambia, akampita.

Akapita katikati ya viti, akafungua mlango wa upande wa pili, na binti yake akamwangukia kifuani, mzito, amelowa jasho. Chupa ikapasuka palepale, maji yakatiririka juu ya sakafu ya maafisa, yakafika chini ya kiti chenye koti.

Ngazi zikalia viatu. Mkuu wa kituo alikuwa mwanamke mnene, nyota mabegani, miwani ikining'inia kifuani. Akatazama maji, akatazama meza, akatazama wanaume wake wawili waliojibana ukutani kama waliofumaniwa.

"Nani kawaruhusu hawa humu?"

"Mkuu, huyu mzee ameingia," Subiri akaeleza. "Na huyu dada ametoka. Kisheria, hapa hawapo."

"Wapo," Bi Mkunga akasema bila kugeuka, akisukuma rundo la fomu pembeni na kumlaza binti yake mezani. "Mkuu, wafukuze hawa wanaume, funga hayo madirisha, niletee maji ya moto na sabuni. Uchungu ulikuja kila dakika saba, ukawa sita, sasa haupumziki."

"Umejuaje?"

"Nimeuandika tangu saa tano. Nilidhani ni wa mtu mwingine."

Mkuu alikuwa na mdomo wazi wa kutoa amri. Akaufunga. Akawageukia wanaume, akaonyesha mlango kwa kidole kimoja, nao wakatoka. Akashusha mapazia ya madirisha yote, la tatu na la nne, akavua koti lake la nyota akalikunja chini ya kichwa cha binti.

Halafu, masikini, mazoea yakamzidi nguvu. "Mama, akizaliwa humu, nitaandika amezaliwa upande gani?"

"Usiandike kitu mpaka kitokee."

Binti akapiga ukelele, akamng'ang'ania mama yake mkono. "Mama, usiniache. Mama, ni kama ile mara."

"Hakuna cha ile mara. Leo nipo."

Alisema hivyo kwa sauti imara. Kisha akanawa, akainama, akapima kwa vidole vyake vya miaka thelathini na mmoja.

Alichokishika hakikuwa kichwa. Vilikuwa vidole vitano vidogo vya mguu.

"Mkuu," akasema taratibu, ili binti asijue, "mkimbilie yule konda. Nahitaji mkoba wangu sasa hivi. Glavu, mkasi, mpira wa kuvutia maji puani mwa mtoto, kila kitu kimo humo."

Mkuu akakimbilia mlangoni. Akasimama.

Huko nje honi ililia mara moja, ndefu. Ilikuwa saa tano na dakika thelathini na mbili, lakini Hakuna-Shida alikwishaona nyota za Mkuu zikishuka ngazi, na hakutaka kungoja saa sita. Basi likapita mbele ya kibanda cha bluu, likaishika barabara kuu likiwa tupu kabisa, bila abiria hata mmoja. Mkoba wa Bi Mkunga ulikuwa umekaa vizuri dirishani, siti namba kumi na nne.